Nanosekunde ngapi zinakutosha?

Jumamosi moja, kwenye kaunta ya duka la vipuri karibu na Luthuli Avenue, Nairobi, nilimsikia kijana akimweleza mwenzake kwamba hana haja ya kununua kifaa chochote cha kupimia muda. Tayari anayo Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja. Inakwenda kwa gigahezi moja na nusu, yaani hatua bilioni moja na nusu kila sekunde, kwa hiyo inaweza kuona jambo lililodumu chini ya nanosekunde moja, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Hesabu yake haikuwa na kosa. Hitimisho lake lilikosea mara elfu kadhaa.

Mwenzake alikuwa ameshapewa ushauri wa upande wa pili kabisa: aagize saa ya atomi ya rubidi, ya mtumba, kutoka ng'ambo. Nilimuuliza anataka kupima nini. Akasema ni ile taa nyekundu inayopepesa kwenye mita ya stima ya kwao.

Nimewasikia watu wengi wakizunguka katikati ya hao wawili, mmoja akidhani anacho kila kitu na mwingine akidhani lazima auze ng'ombe. Kinachowachanganya wote ni kilekile. Wanatazama namba iliyoandikwa kwenye boksi la kifaa kabla ya kutazama jambo lenyewe wanalotaka kulipima.

Kwanza tuelewane maneno. Pigo, hapa, ni badiliko la ghafla la volti kwenye waya: ilikuwa sifuri, ikaruka hadi volti tatu au tano, kisha ikarudi. Taa ya mita inapopepesa, mkimbiaji anapokata mwali wa mwanga, kikombe cha kipimamvua kinapojaa na kupinduka, pendula ya saa ya ukutani inapopita katikati, yote hayo yanaweza kugeuzwa kuwa pigo. Kupiga muhuri wa muda ni kuandika pigo hilo lilifika saa ngapi. Ni kazi ya yule karani wa stejini mwenye daftari na biki, anayeandika kila matatu inapotoka.

Karani huyo si sawa na mtu mwenye saa ya kusimamisha. Mwenye saa ya kusimamisha hubonyeza matatu ya kwanza inapotoka, akabonyeza tena ya pili inapotoka, akasoma jibu, akafuta, akaanza upya. Wakati anasoma, ya tatu imekwisha ondoka. Vipo vifaa vya aina zote mbili. Vile vya kusimamisha hupima muda kati ya pigo A na pigo B, na vingi huhitaji kupumua kidogo kabla ya kipimo kinachofuata. Vile vya karani huandika kila pigo na saa yake, na hesabu unaifanya baadaye upendavyo: tofauti, wastani, kasi, hata swali ambalo hukulifikiria siku ya kupima. Kwa kazi ya nyumbani mimi huchagua karani karibu kila mara. Daftari likiwepo, saa ya kusimamisha unaweza kuitengeneza kutokana nalo. Kinyume chake hakiwezekani.

Hatua, usahihi, utulivu

Maneno matatu hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja, na wauzaji hawana haraka ya kuyatenganisha.

Hatua ni kipande kidogo kabisa cha muda ambacho kifaa kinaweza kukitofautisha. Usahihi ni iwapo kinachosomeka ndicho kilicho kweli. Utulivu ni iwapo kosa la leo ndilo kosa la kesho.

Chukua futikamba ya fundi cherehani wa mtaani. Imechorwa milimita toka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo hatua yake ni milimita moja. Lakini imevutwa miaka kumi mpaka ikarefuka, na sentimita zake si sentimita tena. Hatua nzuri, usahihi mbaya. Ajabu ni kwamba suruali yako bado inakukaa vizuri, kwa sababu fundi alipima kiuno chako na kitambaa kwa futikamba ileile. Kosa limeingia pande zote mbili, likajifuta. Shika mfano huo. Tutaurudia, maana ndani yake mna njia ya kuokoa pesa nyingi.

Utulivu ni habari ya marafiki. Yuko anayechelewa nusu saa kila mara: huyo unamwambia mkutane saa tisa na nusu ukitaka afike saa kumi, na maisha yanaendelea. Yuko mwingine anayewahi leo, kesho anachelewa saa mbili, keshokutwa haji. Saa inayokosea kwa kiasi kilekile kila siku inaweza kusahihishwa kwa kalamu na karatasi. Inayoyumba haina dawa.

Sasa turudi kwenye mita. Kwenye uso wa mita nyingi pameandikwa 1000 imp/kWh, yaani taa hupepesa mara 1,000 kwa kila uniti moja ya stima. Soma ya kwenu, maana nyingine zina 1600 au 3200. Washa pasi ya wati 1,000 na uzime vingine vyote: itakula uniti moja kwa saa, taa itapepesa mara 1,000 ndani ya sekunde 3,600, na kati ya mpepeso mmoja na mwingine patakuwa na sekunde 3.6. Ukikosea milisekunde moja nzima (sehemu moja ya elfu ya sekunde), kosa lako ni sehemu moja katika 3,600, chini ya nusu ya sehemu moja ya kumi ya asilimia. Mita yenyewe, kama ni ya daraja la 1, inaruhusiwa kukosea asilimia moja. Yaani kifaa cha milisekunde, ambacho kila mtu anacho, tayari ni kizuri mara 30 kuliko kitu kinachopimwa. Saa ya rubidi hapo ni kama kupima viazi vya mkokoteni kwa mizani ya sonara.

Mkimbiaji je? Septemba 2021 pale Kasarani, katika Kip Keino Classic, Trayvon Bromell alimaliza mita 100 kwa sekunde 9.76 na Ferdinand Omanyala akamfuata kwa 9.77, rekodi ya Afrika. Mtu anayekwenda mita 10 kwa sekunde hupita sentimita 10 katika sehemu moja ya mia ya sekunde, na sentimita moja katika milisekunde. Ukiweka mwali wa mwanga kwenye uwanja wa shule, hujui kama umekatwa na kifua, kiwiko au goti, na hapo tayari una shaka ya sentimita nyingi. Kifaa chenye hatua ya sehemu moja ya kumi ya milisekunde kinakutosha na kusaza. Pesa zilizobaki nunua miali miwili, mmoja juu ya mwingine.

Pendula ndiyo inayobadilisha mchezo. Tuseme una saa kubwa ya ukutani ya babu, pendula yake huchukua sekunde mbili kwenda na kurudi, na unataka kujua kama inakosea sekunde moja kwa siku. Siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo katika kila mzunguko unatafuta tofauti ya mikrosekunde 23 hivi (mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde). Hatua hiyo ni rahisi kuipata. Kigumu ni kwamba saa unayoilinganisha nayo lazima iwe tulivu zaidi ya hiyo ya babu. Kristali ya kawaida ya kwatzi, ile inayopigia saa nyingi mdundo, huweza kukosea sehemu 20 katika milioni, ambayo ni sekunde 1.7 kwa siku. Utakuwa unampima mlevi kwa fimbo iliyolewa.

(Pembeni: Nairobi si mahali pa kawaida kwa pendula. Tuko karibu na mstari wa ikweta na juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na mvuto wa dunia hapa ni dhaifu kidogo. Saa ya pendula iliyorekebishwa London ikiletwa hapa bila kuguswa itachelewa zaidi ya dakika mbili kila siku. Kabla hujamlaumu fundi saa, fupisha pendula.)

Nanosekunde zinaanza kuwa na maana pale tu unapolinganisha saa nzuri na saa nzuri: kristali mbili za redio, au kipokezi cha GPS na kingine. Katika nanosekunde moja mwanga husafiri sentimita 30, urefu wa rula ya shule. Ukijikuta unajali rula hiyo, endelea kusoma hadi mwisho. Kama hujali, utapata jibu lako njiani.

Nani anashika kalamu

Hapa ndipo kijana wa gigahezi alipoteleza. Aliuliza kompyuta ina kasi gani. Alipaswa kuuliza ni nani ndani ya kompyuta anayeandika saa.

Fikiria uko kwenye matatu, unataka kushuka. Unagonga bodi. Makanga yuko nyuma, anamrudishia mama mmoja chenji ya shilingi 50. Anamaliza chenji, anajibu simu, ndipo anampigia dereva mluzi. Gari linasimama mita mia baada ya steji. Injini ya gari ingekuwa na nguvu mara kumi, bado ungeshukia mbali, kwa sababu kilichokuchelewesha ni shughuli za makanga. Pigo linapofika kwenye Raspberry Pi inayoendesha mfumo wa Linux, programu yako ni makanga huyo. Kuna mtandao wa kuhudumia, kadi ya kumbukumbu ya kuandikia, skrini ya kuchora. Programu ya kawaida huandika saa ikiwa imechelewa makumi au mamia ya mikrosekunde, na siku mbaya ni milisekunde. Ubaya zaidi, ucheleweshaji haufanani mara mbili. Ukiliacha pigo lishughulikiwe na kiini cha mfumo chenyewe, ambacho kina njia maalumu kwa mapigo yanayokuja mara moja kila sekunde, unashuka hadi mikrosekunde chache. Hiyo ni nzuri sana kwa kuweka saa ya kompyuta sawa. Bado si nanosekunde.

Tofautisha na lango la maegesho ya magari pale mjini. Unabonyeza kitufe, tiketi inatoka imeandikwa saa. Askari anaweza kuwa anasoma gazeti. Haijalishi, muhuri umeshapigwa na mashine. Ataisoma tiketi wakati wa kutoka, na saa iliyoandikwa haitabadilika kwa kuwa ilisomwa kwa kuchelewa. Maikrokontrola nyingi za bei nafuu, yaani vikompyuta vya chipu moja, zina mashine ya tiketi ndani yake: pini maalumu ambayo, pigo likiigusa, hunakili kihesabio cha saa papo hapo bila kusubiri programu. Hicho ndicho kitu cha kutafuta kwenye karatasi ya maelezo ya kifaa. Kuliko gigahezi.

Arduino Uno R3, ile bodi ya maikrokontrola ya kila mwanafunzi, inayo. Ukitumia amri ya kawaida ya kusoma mikrosekunde, hatua yake ni mikrosekunde 4, na makanga yumo. Ukitumia pini namba 8 na kihesabio chake cha kunasa, hatua inakuwa nanosekunde 62.5, na makanga hayumo. Bodi ileile, bei ileile.

Kuna mtego, nao niliuingia mwenyewe. Kihesabio hicho kinafika 65,535 kisha kinarudi sifuri, na kwa kasi ya megahezi 16 hilo hutokea kila baada ya milisekunde 4.096. Programu yako lazima ihesabu ni mara ngapi kimezunguka, kama dereva wa gari kuukuu ambalo mita yake ya kilomita imerudi kwenye sifuri. Yangu ilihesabu vizuri, isipokuwa pigo lilipoangukia kwenye ncha ya mzunguko. Hapo ilikuwa haijui kama mzunguko umekwisha ongezwa au bado. Mihuri mamia ilikuwa safi, kisha mmoja unaruka. Nilibadilisha nyaya, nikabadilisha kihisi, nikaishuku stima ya jengo. Wikendi mbili. Mwishowe nikaona kwamba kila mruko ulikuwa milisekunde 4.096 kamili, si zaidi si pungufu. Kosa la waya haliwezi kuwa na nidhamu hiyo. Ukiona data yako inaruka kwa kiasi kilekile kila mara, acha koleo, fungua programu.

Raspberry Pi Pico, ambayo licha ya jina ni maikrokontrola na haina Linux, ilitoka mwaka 2021 na ndiyo ninayoipendekeza sasa kwa anayeanza. Ndani yake mna mashine ndogo nane zinazofanya kazi ya kupokea na kutuma mapigo bila kuusumbua ubongo mkuu. Kwa kasi yake ya kawaida ya megahezi 125, hatua za nanosekunde 16 zinapatikana bila ujanja mwingi. Chunga jambo moja: pini zake ni za volti 3.3, na ukizipa volti 5 unaweza kuiua.

Tahadhari kuhusu waya wa USB. Watu huunganisha kihisi kwenye kompyuta kupitia USB na kuacha kompyuta iandike saa. USB ya kasi ya kawaida hupanga safari zake kwa vipindi vya milisekunde moja; ni matatu yenye ratiba, na pigo lako lazima lisubiri ijayo. Piga muhuri kwanza kwenye bodi, kisha tuma namba kwa USB. Tiketi ikishaandikwa inaweza hata kusafirishwa kwa mkokoteni.

Na kama huna pesa ya bodi yoyote? Kadi ya sauti ya laptopu ni mashine ya muhuri ambayo hakuna anayeifikiria. Huchukua sampuli 48,000 kwa sekunde, moja kila mikrosekunde 21 hivi, kwa mpangilio ambao hauharakishwi wala haucheleweshwi na programu. Punguza pigo kwa resista mbili lisizidi nguvu ya maikrofoni, liingize, rekodi kwa programu ya sauti ya Audacity, na mstari wa mawimbi utakuonyesha kila pigo lilipo. Angalia tu kwamba tundu lako lina njia mbili, kushoto na kulia, maana matundu mengi ya maikrofoni ya laptopu za siku hizi yana moja. Ukiwa na mbili, weka pigo lako kushoto na pigo la marejeo, kutoka saa unayoiamini, kulia. Saa ya babu inaweza kupimwa hivyo wiki nzima, ikiwa diski ina nafasi.

Futikamba iliyovutwa

Tuna hatua nzuri sasa. Usahihi uko wapi?

Arduino Uno, kwa mfano, haiendeshwi na kristali. Kinachoipigia mdundo ni kipande cha kauri ambacho kinaweza kukosea hadi nusu ya asilimia. Nusu ya asilimia ya siku ni dakika saba. Mtu akisoma hivyo hukimbilia kununua saa bora: labda kijibodi cha DS3231, ambacho hujirekebisha kwa joto na hukosea sehemu mbili katika milioni, dakika moja hivi kwa mwaka. Ni kitu kizuri, na kwa mita ya stima kinatosha kabisa. Lakini iko njia ya yule fundi cherehani.

Vipokezi vya GPS hutoa, pamoja na mahali ulipo, pigo moja kila sekunde. Chipu ya u-blox NEO-6M, inayouzwa sana kwa ajili ya droni na vifaa vya kufuatilia magari, hutoa pigo ambalo kwa kawaida halipotei zaidi ya nanosekunde 60 kutoka mahali pake. Limetokana na saa za atomi zilizo angani, na wewe hulilipii. Wala hakuna bando linaloliwa: kipokezi kinasikiliza tu, kama redio, hakitumi kitu. Nimeshaulizwa swali hilo mara nyingi kiasi cha kutolishangaa tena.

Usijaribu kuifanya Arduino iende sawa na GPS. Iache ikosee. Ipe mapigo yote mawili, la GPS na lako, na yote iyapige muhuri kwa kihesabio kilekile. Tuseme kati ya mapigo mawili ya GPS kihesabio kimesonga hatua 15,998,400 badala ya 16,000,000. Basi unajua: leo, kwenye joto hili, sekunde moja ya kweli ni hatua 15,998,400 za bodi hii. Pigo lako lilifika hatua 4,000,000 baada ya la GPS? Gawanya. Ni sekunde 0.250025. Ungeiamini bodi ungeandika 0.250000, na ungekosea mikrosekunde 25. Futikamba ni mbovu, lakini umeiweka sambamba na mita ya kweli kila sekunde, kwa hiyo ubovu wake unajulikana na unafutika. Kinachobaki ni jinsi inavyoyumba ndani ya sekunde moja, na hata kauri haiyumbi sana kwa muda mfupi hivyo.

Hayo ndiyo ningetaka yule wa rubidi ayasikie kabla hajatuma M-Pesa.

Kuna mambo madogo ya GPS yanayowasumbua watu wa hapa. Vibodi vingi vya bei nafuu havina pini ya pigo la sekunde. Pigo limeishia kwenye kitaa kidogo kinachopepesa, na inabidi ulehemu waya mwembamba kwenye mguu wa kitaa hicho. Antena inataka kuona anga, na katika maghorofa yetu yaliyosongamana kama meno, dirisha linalotazama ukuta wa jirani halioni kitu. Panda juu kwenye kamba za nguo. Ukivuta waya mrefu, hesabu nanosekunde tano kwa kila mita ya kebo: mita 20 ni nanosekunde 100. Haibadiliki, kwa hiyo itoe kwenye hesabu au, kama kazi yako ni ya mikrosekunde, isahau.

Halafu tarehe. Saa ya ndani ya GPS iko mbele ya saa ya dunia (UTC) kwa sekunde 18 tangu Januari 2017, kwa sababu haihesabu sekunde za nyongeza zinazoingizwa kwenye saa ya dunia mara mojamoja. Kipokezi huzirekebisha chenyewe baada ya kupata taarifa hiyo kutoka angani, jambo linaloweza kuchukua dakika zaidi ya kumi. Ukiwasha na kuanza kuandika mara moja, mihuri yako ya mwanzo inaweza kuwa imekaa vibaya kwa sekunde nzima huku ikionyesha nanosekunde safi. Kisha kumbuka uko wapi: kipokezi hutoa saa ya dunia, Nairobi iko saa tatu mbele, na kinywani mwetu tunahesabu kuanzia alfajiri. Pigo lililofika saa mbili usiku litaandikwa 17:00. Nimeona daftari la mtu ambalo nusu ilikuwa kwa saa ya Kiswahili na nusu kwa saa ya setilaiti. Karibu liwake moto lenyewe.

Mto unapojaa

Kitu ambacho watu hawakinunui, na ndicho kinachoharibu kazi nyingi, ni shilingi chache za sehemu ya kuingilia.

Kifaa huamua kwamba pigo limefika pale volti inapovuka mstari fulani. Kama volti inapanda ghafla, hakuna ubishi. Lakini kihisi cha mwanga kile cha bei rahisi kabisa, chenye mistari ya kupindapinda usoni, hupanda polepole kwa makumi ya milisekunde. Ni kama mto unaojaa taratibu huku maji yakicheza: muulize mtu maji yalifika kwenye jiwe lile saa ngapi. Wimbi moja liligusa, likarudi, la pili likagusa tena. Kifaa kitaandika mapigo matatu pale palipokuwa na moja, na muhuri wa kila siku utaangukia mahali tofauti. Hatua ya nanosekunde kwenye pigo kama hilo ni mapambo.

Dawa ni chipu ndogo ya 74HC14, ambayo ina mistari miwili, mmoja wa kupandia na mwingine wa kushukia, kwa hiyo mawimbi madogo hayaihangaishi. Kwa mwanga, tumia transista ya mwanga. Kwa swichi ya sumaku, kama ile ya kipimamvua, jua kwamba chuma hudunda kikifunga, na kwa milisekunde kadhaa kitatoa mapigo mengi: chukua la kwanza, puuza yanayofuata kwa muda. Hakuna kifaa cha bei yoyote kitakachokufanyia uamuzi huo.

Ukishafanya yote hayo na bado nanosekunde 16 ni kubwa kwako, umeingia kwenye kundi dogo, karibu. Kundi la waendesha redio wa ridhaa wa Marekani liitwalo TAPR lina kifaa kinachoitwa TICC, karani wa njia mbili anayekaa juu ya Arduino Mega, akitumia chipu ya TDC7200 ya Texas Instruments. Hatua yake ni pikosekunde 60 hivi (pikosekunde ni sehemu moja ya elfu ya nanosekunde), muda ambao mwanga husogea chini ya sentimita mbili. Lakini kinataka uingize mawimbi ya megahezi 10 yaliyo safi kutoka nje, na hapo ndipo rubidi, au kristali iliyofungiwa kwenye joto lisilobadilika, inapata kazi halali. Njia nyingine ni kihesabio cha maabara cha mtumba kama HP 53131A, chenye hatua ya nusu nanosekunde kwa kipimo kimoja. Ni kizito, kina feni, na ni wa ukoo wa saa ya kusimamisha: soma maelezo yake ujue kinapumzika muda gani kati ya vipimo. Ukikitumia kulinganisha mapigo mawili yanayokaribiana sana, siku moja B litatangulia A kwa nywele, na jibu litaruka kutoka karibu sifuri hadi karibu sekunde nzima. Chelewesha moja kwa makusudi, mambo yakae sawa.

Na kama namba zako zitatumika kumdai mpangaji pesa ya stima au kumnyima mtoto medali, hiyo si kazi ya mapumziko tena. Vipimo vya taifa, pamoja na vya muda, ni kazi ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, pale Popo Road.

Yule kijana wa mita hakuagiza rubidi. Alinunua transista ya mwanga na 74HC14, akatoa Arduino aliyokuwa nayo tangu chuo, akaibandika transista juu ya taa kwa selotepu nyeusi bila kugusa mfuniko wa mita. Mtunza ploti alimkuta kwenye korido na nyaya mkononi na ikabidi aeleze kwa dakika ishirini kwamba haibi stima, anaihesabu. Wiki iliyofuata alinitumia jedwali. Jioni mapigo yanakimbizana, sekunde mbili, sekunde nne. Kisha friji inaonekana ikiwaka na kuzima. Na saa tisa usiku, friji ikiwa imezima, taa zote zimezimwa, pigo lilikuja kila sekunde 36, sawa na wati 100. Amechomoa televisheni, akachomoa ruta, pigo halijasogea. Bado anatafuta ni nini.